Bustani au ukumbi? Uzoefu wangu wa sendofu Moshi

Mwezi wa saba tulimfanyia mdogo wangu sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, maeneo ya Shanty Town, kwenye sehemu yenye ukumbi na bustani ndani ya uzio mmoja. Kamati iligawanyika tangu kikao cha kwanza. Wajomba walitaka ndani, bibi harusi alitaka nje kwa ajili ya picha, mweka hazina alitaka palipo na bei nafuu.

Bei ya bustani isikudanganye. Ukumbi unakuja na viti, meza, taa na jukwaa. Nje unakodi turubai, viti, taa na jenereta, halafu fundi mitambo anakuambia aongeze spika maana sauti inapotea hewani. Tulipojumlisha, tofauti ilibaki ndogo mno kuwa sababu ya kuchagua.

Kilichoamua ni saa na msimu. Julai mchana ni mzuri sana Moshi, hakuna jua kali, lakini jua likizama baridi inashuka, na kufikia saa moja usiku ni giza tupu. Basi tukaanza nje saa tisa alasiri: mapokezi, picha, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ikaingia kwa vigelegele huku kila simu ikiwa juu. Giza lilipokaribia MC akatuhamishia ndani kwa chakula na zawadi. Bibi yetu, ambaye hukaa nusu saa tu kwenye shughuli za jioni, alikaa mpaka mwisho. Kwangu hilo lilitosha.

Kasoro moja iliniudhi. Asubuhi ile walikuwa wamemwagilia nyasi, na wageni wa upande wa bwana harusi walipoingia, viatu vya kina mama vilizama. Mama mkwe alibaki amesimama, kisigino kimoja kimenasa kwenye udongo, ameshikwa mkono na shangazi. Wahudumu, nawapongeza, walikimbia kuleta mazulia wakayatandika toka getini mpaka jukwaani.

Kama shughuli yako iko kati ya Machi na Mei, nenda ndani moja kwa moja. Masika ya huku chini ya mlima si ya kujaribiwa. Maji hujikusanya juu ya turubai mpaka linaning'inia. Ila ukienda kukagua ukumbi, tazama juu: kama ni bati bila dari, mvua ikipiga hakuna atakayemsikia MC. Na ukitaka Desemba, lipia mapema, kwa sababu Wachagga wote wako nyumbani na kila wikiendi ina harusi.

Jambo jingine, kwenye mkataba tuliandikisha kwamba ukumbi haupangishwi kwa mwingine siku hiyo. Meneja alisita, akasaini. Bila karatasi hiyo, mvua ikinyesha huna pa kukimbilia.

Kipaimara cha mwanangu nitafanyia palepale, ila nyasi wasizimwagilie kuanzia siku moja kabla.