Dele langu lilirudi linang'aa na halifai: uzoefu wangu na duka la kutengeneza shaba za kale

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Idi, wageni wameshaketi, sinia liko katikati, finjani zimepangwa, halua imekatwa, na dele la shaba, birika letu la kahawa, liko juu ya makaa yake mbele ya watu kama lilivyoundwa kukaa. Robo saa haikufika. Badala ya iliki na tangawizi, chumba kikaanza kunuka plastiki iliyoungua. Tumbo la dele likatoka mapovu madogo madogo, yakapiga hudhurungi, yakabanduka kama maganda ya kitunguu. Duka nililolilipa kulitengeneza lilikuwa limelipaka vanishi. Lote zima, mpaka kitako, pale pale panapopigwa na moto!

Kahawa ikamwagwa. Dele likatolewa uani. Hilo tu lanitosha kutoa nyota moja.

Duka liko Mji wa Kale, Mombasa, jina silitaji. Niliagiza kazi moja: kutia bati ndani, yaani kulipaka upya ule utando wa madini ya bati unaotenga kahawa na shaba, kwa sababu bati la zamani lilikuwa limelika na shaba imeanza kuonekana chini, doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Kwa chombo cha kahawa hiyo ndiyo dalili ya kuacha kukitumia. Kahawa ina ukali wake kidogo, na ukiilaza juu ya shaba tupu huila shaba, ukaona ile kutu ya kijani na kinywa kikawa na ladha ya chuma. Kung'arisha nje sikuagiza. Vanishi sikuagiza. Risiti ninayo, imeandikwa "kutia bati", basi.

Niliporudi nalo, kijana wa mezani hakuligusa. Alilitazama kwa mbali akasema, "Dada, hili ni pambo. Nani siku hizi ateleka kahawa kwa dele?" Nikamwambia mimi, na ndiyo sababu nimelipa litiwe bati ndani, pambo halihitaji bati. Akajibu, "Sasa likinuka si uliweke kabatini?" Akageukia simu yake.

Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko vanishi yenyewe, kwa sababu ndilo lililoipaka. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba kitu cha kale ni cha kuangaliwa hatauliza kitakwenda motoni au la. Atakitengeneza king'ae dirishani kwake, akikabidhi, akimaliza. Nyumba zetu hazikukusanya vitu hivi kwa ajili ya makabati ya vioo. Mrashi ni wa kunyunyizia marashi mgeni anapoingia, chetezo ni cha udi, sinia ni la kulia chakula. Sahani za kwenye zidaka za ukutani, ndiyo, hizo zilipangwa zitazamwe tangu zamani, na hata hizo zilishushwa siku ya harusi.

Vanishi ya shaba ina mahali pake, nisiseme haina. Hufunika chuma kisipate hewa na unyevu, na kwetu pwani, chumvi ilivyo hewani, shaba iliyosuguliwa leo haimalizi mwezi kabla ya kufifia. Kwa kitasa cha mlango au taa ya ukutani inafaa. Chombo kinachopata moto, tindikali ya chakula au kusuguliwa kila wiki, haifai hata siku moja. Hupasuka pembeni, unyevu ukaingia chini yake, na shaba ikaanza kuota mistari myeusi ambayo huwezi kuifikia kwa kitambaa kwa sababu iko chini ya ngozi.

Kwa hiyo ukirudishiwa chombo, kipime kabla hujatoka dukani. Tia tone la ndimu mahali pasipoonekana, chini ya mkono au pembezoni mwa kitako, hesabu dakika mbili, ufute. Shaba tupu itaacha alama iliyokwajuka, kung'aa kwake kumebadilika pale. Ikiwa hapana kilichobadilika, kuna kitu juu yake. Dalili nyingine ni mng'aro unaofanana na maji, unaokolea sawasawa mpaka ndani ya mifereji ya nakshi. Shaba iliyosuguliwa kwa mkono haing'ai hivyo. Daima mabonde hubaki na giza.

Kuitoa inawezekana. Asitoni, ile ya kufutia rangi ya kucha lakini iliyo safi bila mafuta wala manukato, pamba, na madirisha wazi. Moto usiwe karibu kabisa, hata kiberiti, maana mvuke wake hudaka moto kwa mbali. Lowesha pamba, ilaze juu ya chuma nusu dakika ilainishe, ndipo ufute, ubadilishe pamba kila inapokuwa na utelezi. Ukiendelea na pamba ile ile unaihamisha vanishi tu kutoka huku kwenda kule. Kwenye nakshi tumia mswaki laini wa zamani na kijiti cha mti kilichochongwa, kamwe si waya wala sindano. Dele la lita mbili lilikula kama nusu lita ya asitoni na alasiri nzima. Pale palipoungua vanishi hugeuka gamba gumu. Hapo hulowekwa kwa kitambaa kilichoshibishwa asitoni na kufunikwa kwa karatasi ya foili kama dakika kumi isikauke. Kuna vanishi za kuchanganywa kopo mbili ambazo asitoni haizifanyi kitu. Yangu haikuwa hiyo, alhamdulillahi.

Sasa, kwa haki. Bati la ndani ni zuri. Ni zuri sana, na hili nalisema huku bado nimekasirika. Kazi hiyo aliifanya mzee mmoja aliyekaa ua wa nyuma, na ukiangalia ndani ya dele unaiona mikono yake: weupe wa fedha wenye mistari ya mviringo ya pamba iliyopitishwa kwa haraka, hakuna tone lililoganda, hakuna doa jeusi, mpaka shingoni ambapo mafundi wengi hushindwa kufika. Bati halishiki shaba chafu. Inabidi chombo kisuguliwe mchanga na tindikali mpaka kitakate, kioshwe, kipashwe juu ya makaa sawasawa, kinyunyiziwe unga wa chumvi ya amonia unaotoa moshi mweupe na kula kutu iliyobaki, ndipo mche wa bati upitishwe. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi. Moto ukiwa mdogo bati hukaa mabonge. Ukizidi, huungua na kugeuka manjano. Fundi ana sekunde chache tu za kulieneza kwa pamba aliyoishika kwa koleo. Mzee alinionyesha mche wenyewe bila kuombwa mara mbili, na hili wote tuliombe: kuna wanaotumia lehemu ya mafundi umeme, yenye madini ya risasi ndani yake, kwa kuwa ni rahisi na huyeyuka mapema. Risasi ni sumu, na kwenye kahawa haionekani wala haina harufu. Vipo vijiti vya kupimia risasi vinavyogeuka rangi. Mtu mwenye vyombo vya kale vya kunywea awe navyo. Hili la mzee lilipimwa, safi.

Kwa bati hilo ningepandisha nyota ziwe tatu. Karibu niandike hivyo.

Lakini nilipomaliza kutoa vanishi ndipo nikaona kilichokuwa chini yake. Kabla ya kulipaka walikuwa wamelisugua kwa mashine, lile gurudumu la kitambaa na sabuni ya kung'arishia. Shingoni palikuwa na mnyororo wa majani, kila jani na mshipa wake katikati. Majani yapo. Mishipa hakuna. Na muhuri wa fundi aliyelitengeneza, chini ya mdomo, umebaki kama kivuli cha kidole. Gurudumu halichagui: linakula pale palipoinuka, na nakshi ya kuchonga kwa mkono ni mikwaruzo tu ya kina kidogo, kingo zake ndizo zinazolifanya jicho lione ua. Ukizizungusha kingo, ua limekwisha. Na ule weusi wa miaka mingi uliokuwa kwenye mifereji, ambao kijana wa mezani aliuita uchafu, ndio uliokuwa wino wa mchoro. Vanishi hutoka kwa asitoni. Mshipa wa jani haurudi kwa kitu chochote. Nyota moja. Na ningeweza hata hiyo ningeinyima.

Shaba ya njano iliyotumika nyumbani haitaki mashine. Inataka ukwaju. Bonge la ukubwa wa yai, kikombe cha maji ya uvuguvugu, likande, upake ule uji kwa kitambaa, subiri dakika tano mpaka kumi, suuza kwa maji mengi, ukaushe hapo hapo kwa taulo na kisha karibu na jua. Ndimu na chumvi ni kali zaidi: dakika moja tu, mahali penye doa tu. Usiloweke usiku kucha kamwe, hata ukishauriwa na nani. Shaba ya njano ni shaba nyekundu na zinki, na tindikali ikipewa muda huitoa zinki kwanza, ukaamka na mabaka ya waridi ambayo ni chuma kilichodhoofika, si uchafu. Mabonde ya nakshi yaache na giza lake. Ndani ya dele, kwenye bati, usitie ndimu, majivu wala chuma cha kusugulia. Sabuni, maji ya moto na sifongo laini vinatosha. Bati litaingia ukijivu kwa muda na hilo si kasoro.

Na usiliweke motoni tupu. Narudia kwa sababu hivi ndivyo madele mengi yanavyoharibika siku ya karamu, mtu anapolitanguliza jikoni "lipate joto" huku akitafuta tangawizi. Bila maji, kitako hupita nyuzi 232 ndani ya dakika chache, bati likatiririka na kujikusanya chini kama machozi. Maji kwanza, moto baadaye. Na kahawa isilale ndani.

Kwa wanaotaka kuliweka mbele ya wageni: makaa sita au saba ya ukubwa wa ndimu, yaliyoshika kote na kuvaa jivu jeupe. Kaa lenye weusi hutoa moshi na kuchafua kitako. Chini ya jiko pawe na kigae kabla ya mbao au mkeka, na madirisha yawe wazi, maana makaa katika chumba kilichofungwa huua. Kahawa ipikwe kwanza jikoni, vijiko sita vya kula vilivyojaa kwa lita moja ya maji, iliki na tangawizi vya kupondwa, ichemke, iachwe dakika kumi machicha yatue, ndipo ihamishiwe kwenye dele. Makaa ni ya kuiweka moto tu. Waarabu wa Ghuba hutia nyuzi za mtende ndani ya mdomo zichuje. Bonge dogo lililooshwa vizuri linafanya kazi hata kwenye dele letu, ila usilisukume sana ukashindwa kulitoa.

Finjani hujazwa nusu. Ikijaa haishikiki, haina mkono.

Duka nimeliandikia nikitaka nirudishiwe pesa ya kung'arisha, ambayo wameiongeza kwenye bili bila kuniuliza. Hawajajibu. Je, msiende? Nilikuwa nimeandika hivyo hapo mwanzo kisha nikafuta, kwa sababu ya yule mzee. Ukienda, usimwachie chombo kijana wa mezani. Pita mpaka uani. Kipige picha pande zote, nakshi kwa karibu, muhuri kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni. Andika kwenye risiti kwa mkono wako: bati safi ndani, nje pasiguswe, pasipakwe kitu, kitakwenda motoni. Nusu ya pesa mkononi, nusu baada ya tone la ndimu.

Nina sinia la shaba nyekundu linalohitaji bati kabla ya Ramadhani. Nimeuliza kama mzee anaweza kuja kulifanyia nyumbani, uani, na makaa yake. Amesema anaweza. Dukani sitalipeleka.