Fundi wa gemu Tononoka, mtu aliyenirudishia maandishi

Nimekua nikisema ntaandika kuhusu huyu fundi tangu mwezi uliopita, kila siku nikifunga nshachoka, leo stima imepotea na wateja hawapo basi naandika kwa simu, mtanisamehe nikikosea herufi.

Mimi nina kibanda cha gemu huku Kisauni, Mombasa. Kompyuta mbili, pleisteshen moja na tivi ya inchi 32. Watoto wanakuja wakitoka shule, usiku wanakuja watu wazima. Watu wanadhani kazi hii ni picha na spidi tu lakini wallahi maandishi ndo yanayokula mtaji, mtoto asiposoma menyu anakuita kila dakika "ami nibonyeze wapi", na ukimjibu mmoja mwengine ashaita. Wenzangu wa zamani mtakumbuka Winning Eleven ile ya Kijapani, hakuna aliyejua kusoma hata neno moja, tulikariri tu kwamba ya tatu kutoka juu ndo kuanza mechi, na tulicheza miaka. Gemu za sai zina hadithi na misheni, usiposoma huendi popote.

Sasa kompyuta yangu kubwa ilianza mambo baada ya fundi mmoja, simtaji, kuiwekea Windows upya. Alinambia atanipa Windows nyepesi ili mashine iruke. Na kweli iliruka. Lakini gemu moja vifungo vyake vikawa vitupu kabisa, kifungo kipo maneno hayapo, na ukicheza mtandaoni majina ya wapinzani wote wa Japani na Uarabuni yakawa visanduku vyeupe vimepangwa kama biskuti. Nkamrudishia. Akaiangalia kama dakika mbili akanambia kadi ya grafiki imekufa, niandae elfu 14. Nilirudi nyumbani nkalala na hilo neno, elfu 14 kwangu mimi ni kodi na stima na bado.

Mteja wangu mmoja ndo akanambia niende Tononoka kwa jamaa yake. Duka lenyewe halina bango, ni ngazi mpaka ghorofa ya kwanza, mlangoni kuna karatasi imeandikwa KOMPYUTA PRINTA GEMU kwa kalamu nene. Nilipopiga simu kwanza kuuliza kama anaweza, hakunambia nilete mashine. Alinambia hivi: "Kaka, piga skrinishoti unitumie WhatsApp, halafu piga na picha ya skrini kwa simu, nitumie zote mbili." Mimi nkaona huyu anataka kunizungusha tu lakini nkatuma.

Kumbe hapo ndo akili yake yote ilipo. Skrinishoti inachukuliwa ndani ya kompyuta kabla picha haijafika kwenye kioo. Ukiifungua kwenye simu nyengine na maandishi yako sawa, basi tatizo liko kwenye skrini au kebo au setingi za tivi. Yakiwa yameharibika hata kwenye skrinishoti, basi kioo hakina kosa, ugonjwa uko ndani. Yangu yalikua yameharibika kwenye zote mbili. Halafu akaniuliza, je magari, nyasi, watu, vinaonekana vizuri? Nkamwambia safi kabisa. Akasema kadi ikiwa inakufa haichagui herufi, itakuletea mistari, marangi, mashine itaganda, itaharibu na picha. Ikiwa ni maneno peke yake, anza na fonti, yale mafaili yenye maumbo ya herufi. Hajaigusa mashine na ashaniokolea pesa ambayo mwenzake alitaka kunitoa!

Nilipopeleka akanionyesha. Ile Windows nyepesi ilikua imekatwa katwa, fonti nyingi zimetolewa ili nafasi ipatikane. Herufi ikitakiwa na fonti iliyopo haina umbo lake, kompyuta inachora kisanduku. Akanambia hivyo visanduku vina jina, vinaitwa tofu, kile chakula cha soya kinachokatwa vipande vyeupe, na Google walipotengeneza fonti zao za lugha zote wakaziita Noto, maana yake hakuna tofu tena. Alijaribu kwanza njia rahisi, kuingia Optional features na kuongeza fonti za Kijapani, ikakataa kwa sababu walipoipunguza Windows walikata mpaka sehemu inayopokea vitu kutoka Microsoft. Akajaribu kufuta kumbukumbu ya fonti, ile folda ya FontCache, maana wakati mwengine fonti ipo lakini kumbukumbu yake imeoza na maneno hayatokei, vile vifungo vikarudi nusu. Mwisho akasema ukweli ni kuweka Windows kamili, nkakubali. Tangu siku hio sijaona kisanduku.

Hapa pia ndo nina lalamiko langu kubwa kwake na nalisema wazi. Kabla ya kufuta aliniuliza kuhusu picha na hati, hakuniuliza kuhusu sevu za gemu, yale mafaili yanayokumbuka mchezaji alipofikia, na mimi sikujua zinakaa wapi. San Andreas inaweka sevu zake ndani ya Documents kwenye folda yake yenyewe, zikafutwa zote. Kuna kijana alikua amebakisha misheni chache amalize, alikuja jioni na furaha zake nkashindwa hata kumtazama. Nlipomwambia fundi alinyamaza kidogo akasema kosa ni lake, na siku hizi kwenye kile kikaratasi anachojaza ukileta mashine ameongeza mstari wa sevu, nimeuona kwa macho yangu. Lakini ya kijana hayakurudi. Ukienda, nakili Documents yote kwenye flashi kwanza, usingoje kuulizwa.

Mara ya pili nilimpelekea laptopu ya mpwa wangu. Huyu anapenda gemu za Kijapani za zamani, zile za kusoma hadithi na kuchagua majibu. Yake haikua visanduku, ilikua takataka, mafef na mayuro na mabano. Fundi alivyoiona akacheka kwa furaha, akamwonyesha mtoto neno moja kwenye menyu, limeandikwa ƒQ[ƒ€, akamwambia hili neno unalijua. Sote tukakodoa macho. Ni "gemu"! Wajapani pia wanasema gemu kama sisi. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na gemu hizo ziliandikwa kwa mpangilio wa Shift-JIS ambao Windows inauita 932, mashine yetu inasoma kwa 1252 wa Ulaya. Namba ni zile zile, kitabu cha kuzisomea ndo si chenyewe. Wajapani wenyewe wanauita ugonjwa huu mojibake, herufi zilizogeuka umbo, mpwa wangu akasema kama jini, na nadhani hakukosea sana.

Dawa yake mtu unaweza kufanya nyumbani. Control Panel, ingia Region, kisha Administrative, badilisha system locale iwe Japanese, zima washa. Lakini kuna mtego hapo hapo. Kwenye dirisha hilo kuna kisanduku cha tiki kimeandikwa Beta kinachohusu UTF-8, mpangilio mpya wa herufi za lugha zote, kilikuja na Windows 10 mwaka 2018, na mpwa wangu alikua amekitia tiki baada ya kutazama video moja. Tiki ikiwepo gemu hizo za zamani hazisomeki hata uchague Japani mara mia, maana unailazimisha mashine isome kila kitu kwa UTF-8 na gemu haikuandikwa hivyo. Kutoa tiki, kuchagua Japani, kuwasha upya, maneno yakatoka yote. Usishtuke tu ukiona ile alama ya mkwaju unaolala nyuma (\) kwenye anwani za folda imegeuka alama ya yeni, haijaharibika kitu.

Hapo hapo mtoto akapata moyo akamtolea fundi shida yake nyengine, ambayo hata mimi mjomba wake alikua hajanambia. Yeye anatafsiri gemu moja ya zamani kwa Kiswahili, kimya kimya usiku, faili la maneno tu analibadilisha mstari kwa mstari. Kila kitu kinatoka vizuri isipokua maneno yenye ng'. King'ora cha polisi kinatoka "kingâ€™ora", ng'ambo inatoka "ngâ€™ambo". Fundi akamwuliza unaandikia wapi, akasema Word. Basi. Word inachukua ile alama ya juu iliyonyooka inaipinda yenyewe ili ipendeze, na hio iliyopinda kwenye UTF-8 ni baiti tatu, yaani namba tatu, gemu ya zamani inasoma kila baiti kama herufi yake, ndo unapata zile tatu za ajabu. Akamwambia andikia Notepad, tumia ile iliyonyooka, na ukihifadhi chagua ANSI, ule mpangilio wa zamani, sio UTF-8 kwa gemu hii. Dakika tano. Nilifurahi zaidi kwa hili kuliko kompyuta yangu, nawaambia ukweli. Kiswahili chetu kina bahati, hakina nukta wala mikia juu ya herufi kama Kifaransa, kinaandikika chote kwa zile alama 128 za ASCII ambazo karibu kila kompyuta inazisoma, kitu pekee kinachotusumbua ni hicho kialama cha ng', na mtu alikua karibu kuacha kazi nzima kwa sababu yake.

Tivi sikumpelekea, alikuja mwenyewe siku moja akipita huku. Lalamiko lilikua maandishi madogo yana ukungu, hasa mekundu juu ya buluu, na matokeo ya mechi pale kona ya juu yalikua yamekatwa nusu. Skrinishoti ilikua safi, kwa hivyo nlishajua mwenyewe kosa ni tivi, nimejifunza. Tivi nyingi za bei yetu za inchi 32 zimeandikwa HD lakini kioo chenyewe ni nukta 1366 kwa 768, zinapokea picha kubwa zaidi ya 1080 halafu zinaibana iingie, herufi nyembamba ndo zinazoumia. Akaishusha kompyuta itoe kipimo cha kioo, akaondoa ile kuvuta picha inayokata pembeni, akabadilisha jina la mlango wa HDMI likawa PC kwa sababu kwenye tivi yangu ukiiacha kama ya kawaida inapunguza habari za rangi na maandishi ya rangi yanalowa kama wino ulioingia maji, na akashusha shapnesi, mimi nilikua nimeipandisha mpaka mwisho nkidhani nasaidia. Akanisimulia kwamba hata Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, walipotoa Dead Rising kwa Xbox 360 mwaka 2006, waliokua na tivi za zamani hawakuweza kusoma maneno ya gemu, kwa hivyo nisijione mimi ndo mjinga.

Kuna kitu kimoja alishindwa na alisema ameshindwa. Jirani yangu ana gemu yenye Kiarabu, herufi zinatoka zimeachana na zimeanza kushoto, alif peke yake, lam peke yake, mtoto yeyote aliyepita madrasa ataona mara moja kwamba hio si kusoma. Fundi akasema herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikiwa mwanzo, kati, mwisho au peke yake, na kazi ya kuziunganisha na kuzigeuza ni ya programu ya gemu, walioitengeneza hawakuiweka, yeye hana cha kufanya zaidi ya kumwambia asubiri sasisho au achague Kiingereza. Hakuchukua hata shilingi. Yule wa kwanza angemuuzia kadi.

Bei nilizolipa mimi: 1,500 kwa Windows kamili na fonti, 300 kwa laptopu ya mpwa pamoja na somo la ng', tivi alikataa pesa nkamnunulia viazi karai na maji ya ukwaju. Risiti hatoi, ujumbe wa M-Pesa ndo risiti yako, hilo silipendi, mtu wa biashara nahitaji karatasi. Muda wake pia usiuamini, alinambia siku mbili nikakaa nne bila mashine, na wikendi ilikua katikati, hasara hio niliisikia. Chumba kina joto sana, feni ni moja na imeelekezwa kwenye mashine, si kwa wateja.

Lakini mashine zangu ntampelekea yeye. Ukiwa na shida ya maandishi mtumie zile picha mbili kwanza kabla hujabeba kitu, ataangalia ni visanduku, ni takataka, ni ukungu au ni vitupu, na mara nyingi atakutibu kwa sauti ya WhatsApp ukiwa umekaa kwako. Ijumaa hafungui mpaka saa tisa mchana. Na beba chaja yako, yake ina foleni.