Kuuza korosho mtandaoni kutoka Mtwara: makato niliyokutana nayo

Ni zaidi ya mwaka sasa nauza korosho zilizobanguliwa kwenye soko moja la mtandaoni lenye ofisi Dar es Salaam, mwenyewe nikiwa Mtwara mjini. Jina la soko silitaji. Ninachotaka kueleza ni ada zake, na ukishazielewa za soko moja utazisoma za mengine bila shida. Kwanza nilipe haki yake: linauza. Nimepata wateja wa Dodoma na Arusha ambao nisingewaona hata nikikaa kibandani kwangu Chikongola hadi usiku. Tatizo ni kwamba ile asilimia waliyoiandika kwa maandishi makubwa kwenye ukurasa wa kujisajili ni mwanzo tu wa makato.

Walichotangaza ni kamisheni ya asilimia 12. Pakiti yangu ya nusu kilo, korosho nzima daraja la W320, naiuza sh 15,000. Ukipiga hesabu ya haraka unasema watachukua sh 1,800, basi. Taarifa ya malipo ya oda ya kwanza ilipokuja, kamisheni ilikuwa sh 2,400. Nilipiga simu huduma kwa wateja nikidhani mfumo umekosea. Kijana aliyepokea alikuwa mpole: "Dada, kamisheni inakatwa kwenye jumla aliyolipa mteja, pamoja na usafiri." Mteja alilipa 15,000 ya bidhaa na 5,000 ya kusafirisha mzigo. Asilimia 12 ya 20,000 ndiyo hiyo 2,400. Yaani nakatwa kamisheni kwenye nauli ya basi, hela ambayo mimi naipokea na kuikabidhi stendi kama ilivyo. Kwa bei ya korosho zenyewe, ile 12 tayari imekuwa 16.

Hapo bado. Kuna ada ya kila oda, sh 500, haijali umeuza pakiti moja au kumi. Kuna asilimia 2 ya kupokea malipo, nayo inahesabiwa kwenye ile 20,000, kwa hiyo sh 400. Jumla 3,300. Juu ya hizo ada zote inawekwa VAT ya asilimia 18, sh 594, na mtu kama mimi ambaye hajasajiliwa VAT hana pa kuidai. Makato yanafika sh 3,894. Toa, kisha toa 5,000 ya basi, unabaki na 11,106. Korosho zenyewe, kifungashio na lebo vinanigharimu 10,100 kwa pakiti. Faida yangu sh 1,006, kabla sijaihamishia kwenye simu na kabla wakala hajachukua chake.

Sasa wanakuja na ofa ya "kukuza bidhaa". Ukikubali, bidhaa yako inapanda juu kwenye orodha, na mteja akinunua kupitia tangazo hilo unalipa asilimia 5 ya bei ya bidhaa. Kwa pakiti yangu ni 750, na VAT yake 135. Ukizitoa kwenye ile 1,006 unabaki na shilingi 121. Pipi ngapi hizo? Nilikuwa nimesoma masharti kabla ya kukubali, kwa hiyo sikuwasha, lakini nawajua wauzaji wenzangu waliowasha wakafurahia oda kumiminika.

Baba yangu analima korosho Tandahimba. Nilipomwonyesha ile taarifa kwenye simu hakuhitaji kuelezwa kamisheni ni nini. Alivaa miwani, akashuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, kisha akaanza kupanda juu mstari kwa mstari, kama anavyosoma malipo ya chama cha msingi cha ushirika. Kwetu huku, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, uingie kwenye korosho mwaka 2007, mtu akikwambia mnada umefunga kwa bei fulani, swali linalofuata ni mkulima anabaki na ngapi mkononi, maana kuna tozo, kuna cha chama cha msingi, cha chama kikuu, cha ghala. Bei ya mnada ni ya kutangaziwa redioni. Baba aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hii mia tano wanakata kwa pakiti au kwa safari?" Nikamjibu kwa oda. "Basi usiuze moja moja."

Na kweli hapo ndipo penye nafuu. Pakiti tatu kwa oda moja zinasafiri kwenye boksi lilelile kwa 5,000 ileile. Mteja analipa 50,000. Kamisheni 6,000, ada ya oda inabaki 500, malipo 1,000, VAT 1,350; jumla 8,850. Ukitoa basi na gharama zangu za 30,300, nabaki na 5,850, yaani 1,950 kwa kila pakiti. Karibu mara mbili ya kuuza moja, na bei sijapandisha hata senti. Siku hizi pakiti moja haipo kabisa kwenye ukurasa wangu. Utakuta tatu, au tano kwa anayetaka za harusi.

Makato yanayouma zaidi hayapo kwenye ukurasa wa ada. Yapo kwenye masharti, huko chini. Mzigo ukirudishwa, kamisheni wanakurudishia, ila ada ya oda na nauli ya kwenda na kurudi ni juu yako. Korosho zilizokwishafunguliwa zikirudi huwezi kuziuza tena, mnakula nyumbani. Halafu kuna adhabu ya kuchelewa kutuma. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga na mabasi yakakwama. Mfumo haukujua mvua wala daraja. Ulihesabu saa, ukanikata kwa kila oda iliyochelewa. Niliwaandikia nikaambatanisha picha za barabara zilizokuwa kila mahali wiki ile. Walirudisha, ila baada ya kufuatilia sana, na sikupata maelezo ya kama safari nyingine itakuwa hivyo hivyo. Anayeuza kutoka kusini aliulizie hili mapema, kabla ya masika.

Nilitaka kujua kama ni hawa tu. Binamu yangu anachonga vinyago Mikindani na ana ndoto ya kuuza nje, basi tukakaa tukasoma ada za masoko makubwa ya ng'ambo. Mtindo ni uleule. Etsy wanatoza senti 20 za dola kuweka bidhaa moja, na hiyo inadumu miezi minne tu. Ikiuzwa wanachukua asilimia 6.5, iliyokuwa 5 hadi Aprili 2022, nayo inahesabiwa pamoja na gharama ya kutuma. Mauzo yakitokana na matangazo yao ya nje ya tovuti, duka dogo linakatwa asilimia 15 zaidi. eBay nao wanahesabu kwenye jumla yote aliyolipa mteja, hata kodi ya mauzo ya kule Marekani imo. Amazon wana njia mbili: senti 99 za dola kwa kila kitu unachouza, au dola 39.99 kwa mwezi uuze utakavyo, na kamisheni ya aina ya bidhaa inakuja juu ya hapo. Ukiuza zaidi ya vitu 40 kwa mwezi, ya mwezi ndiyo nafuu. Binamu anamaliza vinyago vichache mno kwa mwezi, kwa hiyo hesabu yake ilikwisha mapema. Na kinyago cha mpingo kina uzito wake. Kamisheni kwenye nauli ya ndege ingemla mzima mzima.

Kuna wanaonishauri niachane na soko nibaki WhatsApp na Instagram, ambako hakuna kamisheni. Ninako pia. Huko nalipa kwa njia nyingine: mtu anauliza bei saa tano usiku, anaomba picha, anaomba punguzo, anapotea. Mteja mpya wa mbali anaogopa kunitumia hela kabla ya kuona mzigo, nami naogopa kutuma mzigo kabla ya kuona hela. Soko la mtandaoni linashika fedha katikati, na hiyo ndiyo kazi hasa ninayowalipa. Mteja akishaniamini, anajua njia. Masharti yanakataza kuweka kadi yenye namba yangu ya simu ndani ya boksi, na siweki. Lakini lebo ya chakula lazima iwe na jina na anuani ya mtengenezaji, na hilo si mimi niliyelitunga.

Hivi karibuni wamenipigia kunishawishi niweke mzigo kwenye ghala lao Dar, ili uwafikie wateja siku hiyohiyo. Ada ya kuhifadhi ni kwa pakiti kwa mwezi, na ikikaa zaidi ya miezi mitatu inapanda. Nimewaambia tuongee Novemba msimu ukichanganya, watu wanapoanza kununua za sikukuu na mzigo haulali.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza siku watakapoweka, pale ninapojaza bei ya bidhaa, mstari mmoja unaoonyesha nitakachobaki nacho.