Daktari wa mifugo anayefika nyumbani, Ilemela: alivyomtibu farasi aliyesusa chakula baada ya safari

Kumpata daktari wa mifugo jijini Mwanza anayekubali kumshika farasi si kazi nyepesi, kwa kuwa wengi wao wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na farasi huku kwetu ni wa kuhesabu. Mimi ninao wawili, kwenye kiwanja changu cha Igombe karibu na ziwa. Hubeba watoto siku za sikukuu na mara mojamoja hupeleka maharusi. Huduma ninayoieleza hapa ni ya daktari binafsi niliyemwita baada ya farasi wangu mkubwa, Ngosha, kurudi kutoka mashindano ya kuruka viunzi Arusha akiwa hataki kula.

Njia ile, kwa kupitia Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 700, nasi tuliigawa kwa siku mbili. Ngosha alishuka kwenye lori jioni, akanusa majani makavu, kisha akageuka na kusimama ameelekea ukutani. Asubuhi wavu wa majani ulikuwa vilevile tulivyouning'iniza, na maji ya ndoo yalikuwa yamepungua kina cha vidole viwili tu.

Nakiri kwamba nilianzia pasipostahili. Nilikwenda duka moja la vyakula vya mifugo, na muuzaji, kwa nia njema kabisa, akaniuzia mfuko wa chakula cha kuku wa nyama, akidai kwamba ladha yake itamfungua mnyama hamu. Bahati yangu sikuufungua. Daktari alipousoma mfuko ule aliutoa bandani kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu vyakula vya kuku mara nyingi huchanganywa na monensini, dawa ya kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara wa kuku), ambayo kuku huivumilia lakini kwa farasi hata kiasi kidogo huweza kuharibu misuli ya moyo na kumuua. Kwa onyo hilo peke yake, gharama ya kumwita ilikuwa imekwisha kurudi.

Alichelewa saa moja na nusu, jambo lililoniudhi, ila alipofika hakukimbilia sindano. Aliuliza kwanza, akiwa bado amevaa kofia ya pikipiki: farasi alikunywa lini mara ya mwisho, alikula nini Arusha, kichwa kilifungwaje ndani ya lori. Ndipo akapima joto la mwili, likawa 38.2, akiniambia kwamba kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Akamsikiliza tumbo ubavu wa kulia na wa kushoto, bila haraka, akaubonyeza ufizi kwa kidole gumba na kuhesabu hadi wekundu uliporejea. Mwisho akaokota donge la kinyesi na kulivunja: lilikuwa kavu, limefunikwa na utando unaong'aa.

"Mama," alisema, "chakula amekikataa baadaye. Huyu alianza kukataa maji."

Ikawa hivyo hasa. Arusha Ngosha aliyagomea maji ya kule, nasi tukayatia molasi ili anywe. Molasi ikatuishia njiani, na aliporudi nyumbani maji yake ya siku zote yakawa mageni kinywani mwake. Farasi wa kilo 450 huhitaji lita 25 au zaidi kwa siku, na zaidi ya hapo akitoka jasho. Asipozipata, majani makavu hukwama matumboni, naye huacha kula. Daktari akatia molasi kidogo kwenye ndoo ya lita kumi, na kabla sijamaliza kumwandalia kiti, ndoo ilikuwa tupu.

Kijana wangu wa bandani alimwomba amchome walau oksitetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria, kama tulivyozoea kwa ng'ombe. Alikataa, akieleza kwamba joto halikuwa limepanda na kwamba dawa hiyo huweza kumharishia farasi vibaya. Kilichomtia wasiwasi ni kamba fupi ya lorini: farasi asiyeweza kuinamisha kichwa kwa saa nyingi hashushi vumbi na makohozi, na mapafu huugua. Hivyo akatuagiza kupima joto asubuhi na jioni kwa siku tatu, kumpa nyasi mbichi na majani makavu yaliyolowekwa, kidogokidogo, kumtembeza taratibu, na kuziweka nafaka kando hadi ale vizuri. Jioni ile Ngosha alikula. Siku ya tatu alikuwa akipiga mlango kwa kwato kudai chakula.

Kasoro zipo. Shilingi 80,000 kwa kuja mara mbili si haba, na hakunipa risiti hadi nilipoidai. Vilevile hana omeprazoli ya farasi, dawa ya kupunguza asidi tumboni, wala kamera ya kuangalia tumbo, ilhali yeye mwenyewe alisema kwamba tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, hata likiwa tupu, na kwamba hamu ikija na kupotea tena baada ya mashindano, vidonda vya tumbo lazima vishukiwe. Kwa hilo itabidi kuagiza dawa mbali.

Anayemhitaji ampigie kabla ya saa mbili asubuhi, maana baada ya hapo huwa Kisesa kwenye ng'ombe na simu huizima.