Wiki moja London kwa basi la ghorofa

Nilitua London Jumatatu asubuhi, Oktoba 2024, nikiwa na pauni 140 za kutumia wiki nzima. Pa kulala nilikuwa napo: dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, amepanga East Ham, akanitandikia godoro sebuleni. Bila yeye nisingethubutu, maana malazi ndiyo yanayommaliza mgeni kule. Lakini kilichonifungulia mji wenyewe ni basi, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki ukipanda; ukishuka hugusishi tena. Nauli ilikuwa pauni 1.75, zaidi ya shilingi 6,000 zetu za Tanzania, uende vituo viwili au ishirini. Ukipanda mabasi mengine ndani ya saa moja tangu ulipogusisha mara ya kwanza, hulipi. Wakati ule ukifikisha pauni 5.25 kwa siku, ulikuwa hukatwi tena mpaka kesho yake. Kwa wiki kikomo kilikuwa pauni 24.70, ila wiki yao inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Ndiyo maana dada alinisisitizia nitafute tiketi ya ndege ya kufika Jumatatu, na mimi sasa namsisitizia kila anayeniuliza. Tena shika kadi ileile siku zote. Siku ya kwanza nilianza na kadi, mchana nikagusisha simu, nikahesabiwa kama watu wawili.

Kila asubuhi nilipanda basi namba 115 kutoka East Ham, nikashuka Commercial Road na kudaka 15. Nenda juu, kaa kiti cha mbele kabisa. Mnara wa London unakujia, halafu kuba la kanisa la St Paul's, halafu Fleet Street, mpaka Trafalgar Square. Foleni ipo, na treni ya chini ya ardhi ingeniwahisha zaidi. Ila kule chini ungeona nini? Kutoka Trafalgar Square, National Gallery, jumba la picha za kuchora, iko hapo hapo, bure. British Museum nayo haitozi kiingilio, ilifunguliwa 1759. Niliishia kumbi za Afrika, chini kabisa, mbele ya mti uliotengenezwa na wasanii wa Msumbiji kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nilikaa pale karibu saa nzima. Vita vile vilikuwa vya majirani zetu, wakimbizi wake tuliishi nao.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni Westminster Abbey. Kiingilio cha watalii kilikuwa karibu pauni 30, pesa ambayo sikuwa nayo. Lakini anayekwenda kusali halipi. Alhamisi nilipanga foleni kwa ajili ya ibada ya jioni, nikaketi nikasikiliza kwaya ikiimba chini ya dari lile refu. Mimi nimekulia Bagamoyo. Mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, waliufikisha mwili wake kwetu baada ya kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo, na ukalala usiku mmoja kwenye kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mnara wa kanisa hilo bado upo, na utotoni tulicheza kando yake. Safari ile iliishia humu, alipozikwa chini ya sakafu ya kanisa nililokuwa nimeketi. Niliwaombea Chuma na Susi kwa majina.

Siku nyingine nilipanda 24 mpaka mwisho wake, Hampstead Heath, nikakwea Parliament Hill. Mji wote uko chini yako na hakuna mlango wa kulipia. Nilichukua pia 188 hadi Greenwich, nikavuka Mto Thames kwa miguu ndani ya njia iliyochimbwa chini ya mto, iliyofunguliwa 1902. Bure pia. Upande wa pili ukigeuka unaona Greenwich yote ng'ambo ya maji.

Chakula: dada alininunulia mihogo na bamia Queen's Market, Upton Park, tukapika usiku. Mchana nilikula chapati na maharage niliyobeba. Jioni supamaketi hubandika lebo za njano kwenye vyakula vinavyokaribia kuisha muda, na bei hushuka sana. Ukiwahi unapata mkate na matunda kwa senti. Chupa ya maji nilijaza bombani.

Nimesafiri kwa mabasi ya miji mingi, Dar, Nairobi, Kampala. Sijawahi kupata mengi hivi kwa nauli moja. Jumatatu iliyofuata nilikagua akaunti: pauni 26.45, pamoja na ile 1.75 ya simu.