Muscat au Istanbul kwa safari ya kwanza?

Kwa Mzanzibari anayetoka nje mara ya kwanza na hataki kukimbizana na saa, namshauri Muscat, mji mkuu wa Oman. Kiswahili atakisikia, maana wapo wenyeji wengi wenye jamaa Unguja na Pemba. Asubuhi aende Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, mchana alale, jioni atembee kando ya bahari Mutrah mpaka sokoni, kwenye ubani na haluwa. Siku imetosha. Ila Juni na Julai asiende: joto hupita nyuzi 40.

Istanbul nayo tamu, lakini ni kubwa mno na ina vilima. Akiichagua, afikie mtaa wa Sultanahmet, ambako msikiti wa kale wa Ayasofya (Hagia Sophia) na Msikiti wa Sultan Ahmed inatazamana. Kesho yake apande feri tu, avuke Bosphorus kutoka Ulaya hadi Asia.