Fundi umeme wa magari Unga Limited, huyu anapima kwanza

Jamani wa Arusha, kama taa ya cheki injini imewaka usikimbilie kununua vifaa, mpelekee huyu jamaa. Ractis yangu ilikuwa inatetemeka kwenye sailensa (gari imesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta), taa inablinki hasa nikikanyaga mafuta mlimani, halafu taa kubwa ya kushoto inafifia. Gereji niliyoanzia walishaamua altaneta, ile inayochaji betri, imekufa, lete hela.

Huyu akatoa mita, injini ikiwa inaunguruma akapima betri, ikasoma volti 14.1, akacheka, "altaneta nzima hii bosi." Akachomeka mashine ya kusoma makosa ikaleta kodi (namba ya kosa) P0302, yaani silinda namba 2 inamisi, haichomi mafuta vizuri. Sasa hapo ndo aliponikosha, hakusema nunua koili (inayopeleka moto kwenye plagi), alibadilishana koili ya 2 na ya 1, akafuta kodi, tukazunguka kidogo na gari, ikarudi P0301, yaani sasa inamisi silinda namba 1. Yaani ugonjwa umeifuata koili, plagi hazina kosa wala nozeli za mafuta. Ingekuwa wengine hapo ningeshauziwa seti nzima ya koili nne!

Ya taa kubwa ilikuwa eathi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) imeota kutu tu, akapiga msasa akakaza boliti, mwanga huo.

Ubaya: vumbi usiseme, na hela ya kupima unalipa hata usipotengeneza kwake, mimi sioni shida ila wapo watakaonuna. Mambo ya AC hagusi, anakwambia kabisa tafuta mwingine. Wahi asubuhi, mchana Hiace zinakuwa zimejaa pale nje kwake hata pa kupaki hakuna.